Vumbi Juu ya Hina

Alichokiona Idil kwanza ni vumbi. Lilitanda juu ya pakiti za hina kwenye rafu ya mbele, katika duka la shangazi yake Sadiyo alikofanya kazi, sokoni Garissa. Miaka ya nyuma pakiti hizo hazikumaliza wiki, maana kila Ijumaa palikuwa na arusi mtaani. Tangu ukame ule mkubwa uwamalize ngamia, wavulana walikuwa wakiposa na kungoja, wasichana wakingoja nao, na hina ikakaa pale ikila vumbi.

Idil mwenyewe alikuwa mwaka wa nne akingoja. Mchumba wake, Abdisalam, alikuwa mtoto wa wafugaji wa Balambala. Katika ngamia ishirini na sita wa baba yake walibaki wanne, naye akaja mjini kuendesha tuk-tuk. Kila asubuhi alisimama dukani, akapangusa pakiti moja ya hina kwa mkono wa shati, akauliza, "Bado ipo?" Idil aliinamisha kichwa. Alikuwa msichana wa haya, aliyeachishwa shule darasa la tano ili achunge ngamia wa baba yake, na maneno yake mengi yaliishia kooni. Sadiyo alimgombeza kwa ajili ya vumbi lile, akisema duka zima linang'aa isipokuwa rafu ya mbele. Idil akachukua kitambaa, akapangusa rafu za nyuma.

Baba yake, Abdille, alitaka yarad, mali apewayo baba wa binti, ya ngamia kumi, kama alivyotoa yeye alipomposa mama yake Idil. Sadiyo alimwambia kaka yake kwamba kijana anaswali, anafanya kazi, na ngamia kumi siku hizi hawapatikani hata kwa kuota.

"Tuk-tuk inazaa?" Abdille alimuuliza.

"Haizai. Na binti yako naye hatazaa akizeekea dukani kwangu."

Lakini kilichomkwaza Abdille hakikuwa ngamia peke yao. Kila baba mtaani alijua hakuna kijana wa kutoa kumi. Ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushusha, asije akaambiwa binti yake ana kasoro.

Mwishowe Abdille alichoka kungoja. Aliita wazee nyumbani baada ya sala ya Alasiri ili posa ivunjwe mbele ya watu. Sheikh aliyekuja kushuhudia akasema binti lazima aulizwe kwanza. Wakatumwa wawili, Salat na Abdullahi, mpaka kwenye pazia la chumba cha wanawake.

Hapo ndipo Idil alipoogopa kweli. Kwa desturi, mwali akiulizwa jambo la ndoa akanyamaza, amekubali. Haya yake, iliyosifiwa na kila mtu tangu utotoni, sasa ilikuwa inakwenda kumnyang'anya Abdisalam.

Salat alisema kwamba baba yake anaivunja posa, kisha akangoja. Ndani palikuwa kimya. Idil alifungua mdomo, sauti haikuja. Akasikia viatu vikigeuka kwenye mchanga.

"Sikubali," alisema.

Viatu vikasimama. Abdullahi akauliza ni nani aliyesema, maana hakuwahi kuisikia sauti ya Idil.

Idil alifunua pazia, akatoka mpaka walipoketi wanaume. Abdisalam alikuwa pembeni na baba yake, kofia mkononi. Idil hakumtazama.

"Aabo," alimwambia baba yake, "ngamia wako walikufa kwa ukame. Niliwachunga mimi, nawajua kwa majina. Abdisalam hakuwaua. Nataka ngamia mmoja wa maziwa, awe mahari yangu. Na watu wakiuliza nani alishusha, waambie ni Idil."

Abdille aliweka kikombe chake cha chai mkekani. Alikuwa amejiandaa kwa kila hoja ya wazee, si kwa hii.

"Wa maziwa," alisema. "Na asiwe mzee."

Sheikh akacheka, na nyuma ya pazia Sadiyo akapiga vigelegele vilivyosikika mpaka barabarani.

Wiki hiyo hiyo baba yake Ramlo, mchumba mwingine aliyekuwa akingoja mtaani, aliita wazee wake, naye akashusha. Baba yake Kinsi akafuata, akijitapa kwamba yeye si wa kwanza wala wa pili. Mwezi ulipoandama tena, arusi zilikuwa zimefika tano mtaani, na Sadiyo alikuwa ameagiza hina Nairobi mara mbili.

Siku saba za arusi zilipokwisha, Idil akiwa na hina mpaka viwikoni, Abdisalam alimpeleka dukani kumsalimia shangazi. Rafu ya mbele ilikuwa tupu na safi. Abdisalam alipitisha kidole juu yake, akasema kwamba sasa wamemwachisha kazi yake ya kupangusa.

Idil aliinamisha kichwa kama kawaida yake, kisha akakiinua.

"Kila jioni nilipangusa rafu zote," alimwambia. "Hii ya mbele niliiacha kwa makusudi, miaka minne, ili asubuhi uwe na sababu ya kusimama."