Ahadi ya Tafat

Ndege ya kwanza ya Tafat, shirika jipya la ndege la Algeria, ilipotua Marseille, Mokrane Aït Saada alilia hadharani. Wazee wa Kikabyle, watu wa milima ya Algeria, waliomalizia ujana wao viwandani Ufaransa walikuja kuipokea wamevaa suti za Idi. Shirika la mtoto wa nyumbani, na wahudumu wanakusalimu kwa lugha ya mama yako! Mokrane ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi ya pale.

Ahadi moja iliwateka zaidi wazee: ukifia ugenini, Tafat itakurudisha kwenu bure. Mokrane aliitangaza katika kila mkahawa. Aliyesita ni mzee Akli, rafiki wa marehemu baba yake, ambaye wote walimwita Da Akli kwa heshima, kwa kuwa kijiji chao kilikuwa na chama cha mazishi, cha kuchangishana kurudisha maiti nyumbani, tangu enzi za ukoloni.

"Kwani chama kimekukosea nini, mwanangu?"

"Hakijanikosea, Da Akli. Ila mchangishane ya nini, na ndege ni yetu?"

Mzee akacheka, akasema mtoto wa Saada hawezi kumdanganya. Mwaka huo chama kikavunjwa.

Kwa muda ahadi ilitimizwa, na Mokrane aliwasindikiza marehemu wengi. Kisha mwenye shirika akalewa sifa. Akanunua ndege asizozihitaji, akafadhili timu ya mpira, akaandaa karamu za kifahari huku mafuta yakikopwa. Mokrane aliyaona, akanyamaza, akaendelea kuuza tiketi. Siku ndege zilipozuiwa kwa madeni, abiria wenye hasira walivunja vioo vya ofisi yake. Tajiri alikwishatorokea London.

Wiki hiyohiyo moyo wa Da Akli ukasimama.

Mokrane alihangaika. Mashirika mengine yalijaa abiria walioachwa na Tafat, na gharama zao zilimshinda mtu asiye na mshahara. Aliwaendea wanachama wa zamani wa chama cha mazishi. Wengine hawakumfungulia mlango. Mwishowe mzee akazikwa Marseille, mvua ikinyesha, waombolezaji wachache.

Jioni alimpigia simu mjane wa mzee, bibi Ouardia, aliyekuwa akisubiri kijijini Algeria.

"Tumemzika huku, mama. Nisamehe."



"Kaburi lake nani atalizuru?" mjane akauliza.

"Mimi."

"Basi usihame."

Marafiki zake wa Tafat walipata kazi Montreal na Doha, wakamwita awafuate. Mokrane alibaki, akawa anauza mboga sokoni, na kila Ijumaa alipanda kilimani makaburini.