Wimbo wa Kumlilia Mgika

Noela alitoka mjini Ngokolo na kompyuta yake mpaka kijijini Samuye, akamwonyesha bibi yake, Apolonia, kipande cha tamthilia. Kazi yake ni kuchagua nyimbo. Wakubwa walishamkatalia wimbo mmoja; huu nao ukikataliwa, kazi hana.

Kwenye kioo, mjane anakunja suruali ya mumewe aliyefukiwa na kifusi machimboni Geita. Anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena. Nyuma unasikika wimbo wa Kisukuma, sauti nzito ya kuvuta.

"Unahuzunisha, eti bibi?"

Apolonia alitazama mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa haraka.

"Mjane amesema mumewe alicheza ngoma ya Wagika."

"Ndiyo."

"Huu ni wa Wagalu, wapinzani wao. Wanasema Wagika wanacheza kama bata aliyekanyaga kaa la moto."

Noela akafumba macho. Mtoto wa mjini. Ngoma za mashindano, kundi moja likilisema jingine mbele ya umati, alizijua kwa kuziona kwenye simu.

"Wimbo wote?"

"Hapana. Ubeti wa pili wanamtaja mama yao."

"Basi nipe wa msiba."

"Wa msiba utatuambia amekufa. Hilo tunalijua, suruali tumeiona. Weka wa kulimia."

"Wa kulimia una furaha, bibi."

"Naye alikuwa na furaha. Angekuwa mtu wa kununa, suruali yake ingekunjwa mara moja tu."

Wimbo wenyewe aliuongoza mume wa Apolonia, Ndaki, walipolima kwa zamu mashamba ya wenzao. Tangu amzike, miaka tisa, Apolonia hakuwahi kuuimba. Akasema ataimba mara moja, asiambiwe arudie. Kila alipofika pa walimaji kuitikia, alinyamaza, akawasubiri, akaendelea. Noela akarekodi, na hakukata hata kimya kimoja.

Wakubwa waliupitisha. Jumapili majirani wakajaa sebuleni kwa Apolonia, na mzee Pantaleo, Mgalu tangu tumboni, akakaa kiti cha mbele ili akosoe vizuri. Suruali ikakunjwa, wimbo ukaenda, ukanyamaza, ukaenda. Yalipoanza matangazo ya sabuni, Pantaleo akamgeukia Apolonia.

"Mama Onesmo, matanga ya huyu bwana ni lini?"

"Ni mchezo, Baba Marselino. Mwenyewe yupo Dar es Salaam anakula chipsi."

"Najua ni mchezo. Nauliza matanga ni lini."

Apolonia akamwambia Jumatano.