Mama Yake Tulimwona

Kengele ililia saa nane na robo mchana, Harmen akiwa anasukuma kochi ukutani ili viti vipate kukaa duara. Jantine alikuwa jikoni akikata keki vipande sita. Watu walikuwa watano tu. Kipande cha sita ni cha adabu, hukaa sahanini mpaka mwisho na hakuna anayekigusa. Pluis, mbwa wao, alikuwa anatimiza mwaka mmoja, na katika nyumba ile anayetimiza mwaka hufanyiwa sherehe, awe na miguu miwili au minne.

Marije, binti yao wa miaka kumi, ndiye aliyekwenda kufungua.

"Mama," akaita, "mama yake Pluis amekuja."

"Mwambie apanguse miguu," Jantine akajibu, kisha kisu kikamganda mkononi.

Yule mbwa jike alikuwa ameshapangusa. Alisimama ukumbini akichuruzika maji ya mvua, mdogo kuliko mwanawe, wa rangi ya kahawia iliyofifia, na vipande vya nyasi kavu vimemganda mgongoni. Chuchu zilikaribia kuburuta chini. Kucha zilikuwa ndefu hata zimejikunja, na ndani ya sikio la kushoto alikuwa na namba nne zilizoandikwa kwa wino wa kijani. Alikuwa ametembea siku kumi na saba kutoka mashariki. Tarehe hakuambiwa na mtu, aliikumbuka mwenyewe.

Harmen akapanda juu akaleta kiti cha sita.

Basi watu wakasimama kupeana mikono, maana pale Meppel, Uholanzi, hapongezwi mwenye siku yake peke yake, wanapongezwa pia wote walio wake. Bibi Roelofje, mamake Harmen, ndiye aliyeanza. Akaushika mguu wa mbele wa yule mbwa, akautikisa mara moja kwa heshima. "Hongera kwa mtoto wako," akasema. Akafuata Annegien, dadake Harmen, naye akautikisa. Kisha wakageuka wakapongezana wao kwa wao, Harmen kwa mbwa wake, Marije kwa mbwa wake, Bibi kwa mbwa wa mjukuu wake, mpaka duara likaisha. Wakaketi. Yule jike alipanda kwenye kiti chake kwa shida, akatulia.

"Kwa hiyo huyu ndiye yule mama uliyetuambia," Annegien akasema. "Lakini hukusema amekonda hivi, wifi."

"Safari," Jantine akajibu. "Safari imemkondesha."

Hapo lazima nimseme Jantine kidogo, ingawa si mtu mbaya. Nchi ile ukionekana na mtoto wa mbwa, hata kabla ya kuulizwa jina lake unaulizwa: mama yake mlimwona? Kila mtu anajua kwa nini swali lenyewe linaulizwa: watoto wengi wa mbwa wa dukani huletwa kwa gari kutoka mashariki, na mama zao hufungiwa vizimbani kuzalishwa maisha yao yote. Jantine alikuwa ameulizwa mara thelathini kwa wiki moja, na mara zote thelathini alijibu bila kupepesa macho: tulimwona, ni mtulivu, anakaa kwa watu wazuri, wana hadi bustani. Kila alipoulizwa bustani ilizidi kupanuka. Mwishowe ilikuwa na miti ya tofaa.

Ukweli ni kwamba walianza kwa kwenda kituo cha mbwa waliotelekezwa. Huko Marije alimpenda Bertus, dume la miaka tisa lenye sikio moja, akakaa naye sakafuni saa nzima asitake kuondoka. Mwanamke wa kituo akasema vizuri, mje mara tatu mtembee naye, halafu mmoja wetu atapita kuiona nyumba. Jantine hakuipenda hiyo. Pazia zake hazifungwi mwaka mzima, mpita njia yeyote anaona mpaka meza ya chakula, lakini mtu kuja na karatasi kumkagulia nyumba, la. Isitoshe siku ya kuzaliwa ya Marije ilikuwa Jumamosi ile. Jumamosi asubuhi akaenda peke yake kwenye duka la wanyama nje ya mji, nyuma ya wauza matairi, akatoka na Pluis ndani ya kikapu baada ya dakika ishirini. Duka lilikuwa na watoto wa mbwa arobaini na hakuna hata mama mmoja. Marije aliambiwa Bertus amepata wenyewe.

Sasa mama alikuwa amekaa mbele yake, anakula keki.

Pluis aliingia kutoka bustanini. Alimwona, akaanza kumwendea, na kwa kila hatua akapungua. Alipofika katikati ya duara alikuwa kama paka, na alipofika kwenye kiti alienea kwenye kofia. Marije akamnyanyua akamweka tumboni kwa mama yake, naye akanyonya. Maziwa hayakutoka, lakini alinyonya kwa saa nzima, na mazungumzo yakaendelea: ukarabati wa daraja, goti la Bibi, bei ya gesi. Jibini ikapitishwa na haradali yake.

"Anapotembea anainua miguu juu sana," Marije akasema. "Kwa nini?"

Wote wakamtazama yule jike, aliyekuwa ameshuka kunywa maji. Kweli alikuwa akiinua kila mguu na kuutua polepole, akiutafutia mahali.

"Ni mtu aliyezoea kusimama juu ya wavu wa waya," Bibi Roelofje akasema. Bibi alifuga ng'ombe miaka arobaini. Alimtazama mkwe wake kwa muda, kisha akaomba kahawa nyingine.

Aibu ilimpanda Jantine mpaka masikioni. Akakimbilia jikoni kutazama kababu. Zilikuwa nne: ya Harmen, yake, ya Marije, na ya Bibi, ambaye siku za sherehe hubaki kula.

Ilipofika saa kumi na moja na nusu Harmen akajipiga magoti kwa viganja akasema, "Haya," na wageni wakainuka. Nje, gari la kijivu lilikuwa limesimama kwenye kona, linaunguruma. Dereva alikuwa anatazama saa yake.

Annegien alimkuta yule jike ukumbini. "Una mimba tena, eh? Lini?" Wakaingia wote wawili chooni, inakotundikwa kalenda ya siku za kuzaliwa za ukoo mzima, na yule mbwa akaweka mguu juu ya tarehe mbili Februari. Annegien akaandika kwa kalamu. "Jike, kama utapata," akamwambia. "Wanangu wanapenda majike." Akavaa koti akaenda zake.

Mama yake Pluis hakwenda. Alisimama kwenye zulia la mlangoni akimwangalia Jantine. Alikuwa anasubiri neno moja, na kila mtu pale ukumbini alilijua.

"Mwambie abaki ale," Marije akasema.

"Kababu ni nne, mwanangu."

"Nampa yangu."

"Hatukupanga. Na watu wake wanamsubiri."

"Watu wake wenye bustani?" Marije hakupandisha sauti. "Na Bertus ulisema amepata wenyewe. Nilimwona Jumatano tulipopita na shule. Bado yupo palepale, sikio lile moja."

Harmen akaanza kukunja viti. Jantine alitaka kusema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, fupi, la kila siku, baki. Lakini yule akibaki leo, yale macho atayaona na kesho asubuhi, na kila asubuhi, jikoni kwake mwenyewe, pazia zikiwa wazi.

"Asante kwa kuja," akasema.

Yule jike akainamisha kichwa kama mgeni anavyopaswa. Akatoka kwenye mvua, akiinua miguu juu, mpaka kwenye gari. Lilikuwa limeshafunguliwa nyuma. Pluis alirudi kimo chake kufikia saa moja usiku, akalala chini ya meza na hakutaka kuguswa. Kababu ya Marije ilibaki sahanini.

Majira ya kuchipua Annegien alipata jike wake, dukani, nyuma ya wauza matairi. Anapoulizwa hujibu kwamba mama yake alimwona kwa macho yake, hata mkono walipeana. Na ni kweli.

Januari iliyofuata Harmen aliteremsha kiti cha sita tangu asubuhi, na Jantine akakata keki vipande saba. Kisha akaweka kikaango motoni, akafinyanga kababu nne.