Injini Mgongoni

"Tano, sifuri, mbili, saba," Fundi Taratibu alisoma. Alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto za uwanja wa ukaguzi, kidole chake cheusi kikifuata tarakimu zilizochongwa ubavuni mwa injini. "Halafu nane, nane, moja."

Karani wa forodha alisimama juu yake, jalada kifuani. Alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi hadi likakakamaa, kalamu mbili mfukoni. Alitazama karatasi, akatazama chombo, akarudi kwenye karatasi.

"Soma tena, mzee."

Fundi akasoma tena, polepole zaidi, kama mtu anayemsomea barua mama yake.

"Mimi hapa nina tatu, tatu, sita, na kuendelea," karani alisema. "Hiki si chombo kilichoingia."

"Ndicho, mwanangu. Ila injini nimebadilisha. Ile ya zamani ilipasuka bloku. Ndiyo maana kililetwa kwangu."

Karani alichomoa kalamu mfukoni. Aliandika neno moja pembeni mwa karatasi, akalipigia mstari.

Chombo chenyewe kilikuwa pikipiki ya magurudumu manne, mapana kama mito ya kulalia, ya kupandia milima isiyo na barabara. Mali ya zahanati ya ng'ambo ya mto. Muuguzi wao aliitumia kupeleka chanjo kwenye vijiji vya juu, ambako gari halifiki na mtu akifika kwa miguu barafu ya kupoozea chanjo imeshakuwa maji. Ilipokufa, wakaivusha daraja kuileta kwa Fundi Taratibu, kwa sababu pande zote mbili za mto ilijulikana kwamba chombo kikishindikana kwake, basi kizikwe. Iliingia kwa kibali cha muda cha siku thelathini. Injini ilichukua siku ishirini na nne kufika kutoka mjini, Fundi akaifunga kwa siku tatu, akaijaribu kwa siku moja kwenye mlima wa nyuma ya gereji. Na leo ilikuwa siku ya thelathini.

"Angalia fremu," Fundi alisema, akainuka kwa kushika goti. "Namba ya fremu ni ileile. Mikwaruzo ileile. Hata kiti kile kile kilichotafunwa na panya."

"Fremu haimo kwenye kompyuta, mzee. Vyombo vya barabarani vina namba ya pleti. Hivi vya porini havina pleti, na kompyuta haikubali kisanduku kitupu. Kwa hiyo tunaweka namba ya injini. Injini ndiyo chombo."

"Kwa hiyo mgonjwa akipona mnamkataa mlangoni kwa sababu kanenepa?"

Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa ameegemea pikapu iliyoileta pikipiki, akaangua kicheko. Karani naye alitaka kucheka. Mdomo ulimcheza kidogo. Kisha akasema, "Twende kwa mkuu."

Mkuu wa kituo alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Aliwakaribisha viti. Alivaa miwani akasoma kila karatasi: kadi ya umiliki, barua ya zahanati yenye muhuri, bima, kibali, risiti ya injini mpya. Alisoma bila haraka, na Fundi, ambaye alipewa jina lake kwa kutokuwa na haraka, alimheshimu kwa hilo.

"Karatasi zako ni nzuri," mama alisema. "Wengi hawaji hata na nusu yake. Kasoro ni moja. Kubadilisha injini kunahitaji idhini ya makao makuu. Mkaguzi anakuja, anaangalia, anaandika, namba inabadilishwa. Wiki mbili, tatu."

"Kibali kinaisha leo, mama."

"Kiongezwe."

"Niliomba kiongezwe juzi dirishani. Nikaambiwa maombi hupokelewa siku saba kabla."

"Ni kweli. Siku saba." Alivua miwani. "Kesho asubuhi kompyuta itakiandika kuwa kimeingizwa kwa magendo. Kitafungwa kule nyuma."

Fundi aligeuka kutazama dirishani. Nyuma ya ofisi kulikuwa na uwanja uliozungushiwa waya. Kulikuwa na trekta lisilo na magurudumu, majani yametokea kwenye usukani. Kulikuwa na mashine ya kuchimbia visima, nyeupe kwa kinyesi cha ndege. Vyote viliwahi kuwa kazi ya mtu.

"Kesho wanaanza mzunguko wa chanjo," alisema. "Wameshakosa mmoja. Mama, wewe unaona kwamba ni chombo kile kile?"

"Naona, mzee wangu. Naelewa kabisa." Alizirudisha karatasi kwenye bahasha, akazipanga kingo zikalingana. "Lakini kuelewa kwangu hakuna kisanduku kwenye fomu."

Alisema hivyo bila kejeli. Hilo ndilo lililomchosha Fundi. Kama mama angemfokea, angalau angepata mtu wa kumkasirikia.

Nje, shemeji alimsogelea akashusha sauti.

"Fundi, huko chini, pale mto unapokuwa mwembamba, kuna njia ya panya. Mnyama huyu anaogelea kabisa. Nusu saa tu tumemaliza."

"Halafu?"

"Halafu nini? Yuko kwao!"

"Yuko kwao bila muhuri wa kurudi. Siku watakayomkagua, watamchukua, na yule dada muuguzi atashtakiwa yeye. Mimi nitakuwa gereji nakunywa chai." Fundi alitikisa kichwa. "Sitaki."

Simu yake ikaita. Alikuwa muuguzi, yuko upande wa pili wa daraja tangu alfajiri.

"Fundi wangu, shikamoo. Mmefikia wapi?"

"Marahaba. Tupo kwenye karatasi."

"Kuna tatizo?"

"Injini imepona sana," alisema. "Subiri hapo hapo, mwanangu. Usiondoke."

Akakata simu. Akakaa kwenye bampa ya pikapu, macho yake yakiwa sakafuni mwa gari, kwenye gunia lililofungwa kamba. Ndani ya gunia mlikuwa na injini ya zamani, iliyopasuka. Mtunza stoo wa zahanati alikuwa ameagiza irudishwe, naye ana daftari lake: kifaa kipya hakiingii kitabuni mpaka mabaki ya cha zamani yaonekane kwa macho. Fundi aliitazama kwa muda mrefu.

"Shemeji," alisema hatimaye. "Nishushie boksi la spana."

"Unataka kufanya nini?"

"Wanataka tatu tatu sita. Tuwape tatu tatu sita."

Ilikuwa saa tano. Walitandika turubai kivulini mwa pikapu. Fundi alifunga petroli, akachomoa kabureta, akatenganisha nyaya moja moja na kuzifunga vitambaa vya rangi ili asizichanganye baadaye. Akafungua bomba la moshi, akatoa cheni, akalegeza bolti nne zilizoishika injini, bolti ambazo alizikaza mwenyewe juzi huku akipiga mluzi. Leo hakupiga mluzi. Madereva wa malori waliokuwa wakisubiri zamu walikusanyika na vikombe vya chai. Mmoja aliuliza inaharibika nini.

"Haiharibiki," shemeji alimjibu. "Inaharibiwa. Kwa mujibu wa sheria."

Fundi na shemeji waliinua injini nzima kutoka kwenye fremu, mishipa ya shingo imewatoka, wakailaza juu ya turubai. Bado ilikuwa na joto la asubuhi. Kisha wakafungua gunia, wakainua maiti ya injini ya zamani, wakaiingiza mahali pake. Fundi hakuunganisha waya wala bomba. Alikaza bolti nne tu. Saa nane, akaenda dirishani akiwa anajifuta mikono.

Karani alitoka, akainama, akasoma. Tatu, tatu, sita, na zilizobaki zote. Kila tarakimu ililingana. Alitazama ufa uliopita katikati ya bloku, mpana wa kuingia ukucha.

"Mzee," alisema kwa sauti ndogo, "hii si haiwaki?"

"Haiwaki."

"Hata kidogo?"

"Hata ukiisomea dua."

Karani akaenda, akarudi na fomu. "Basi lazima tuseme inatoka katika hali gani. Iliingia kwa matengenezo. Hapa: hali ya chombo." Akaandika: *kibovu*. "Na hapa ni lazima fundi aandike mwenyewe, kwa mkono wake. Sababu ya kutotengenezeka."

Fundi aliipokea kalamu. Shemeji alisogea kuchungulia begani, kisha akaona haya, akageuka pembeni. Miaka ishirini na miwili Fundi Taratibu hakuwahi kurudisha chombo na neno hilo. Aliwahi kulala chini ya jenereta siku mbili ili tu asimwambie mteja "imenishinda". Mkono wake ulikaa juu ya karatasi mpaka tone la jasho likaanguka pembeni ya kisanduku.

Akaandika, kwa mwandiko mzuri wa shule: *Fundi hakuweza.* Akatia sahihi.

Muhuri ukagongwa.

Injini mpya, ile nzima, haikumsumbua mtu. Ilikuwa na risiti, na injini peke yake ni kipuri, na vipuri vina fomu yao fupi. Dakika kumi, muhuri mwingine.

Pikapu haikuwa na bima ya ng'ambo, kwa hiyo walivuka kwa miguu. Waliifunga injini nzima kwa kamba kwenye kichanja cha nyuma cha pikipiki, boksi la spana likawekwa mbele, na wakaanza kusukuma. Magurudumu mapana yalinata kwenye lami. Fundi alishika usukani upande mmoja, shemeji akaegemeza bega nyuma. Katikati ya daraja walisimama kuvuta pumzi.

"Fundi," shemeji alisema, akijifuta uso kwa shati, "nimeona punda anabebeshwa mizigo. Sijawahi kuona punda anabebeshwa moyo wake mwenyewe mgongoni."

"Sukuma, shemeji."

Upande wa pili afisa alilinganisha karatasi na chombo. Kiliondoka kibovu, kinarudi kibovu, namba ileile. Alisema hajaona faili safi kama hilo mwezi mzima. Akagonga.

Muuguzi alikuwa amesimama nje ya geti, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira vilivyokatika kisigino. Alipoiona pikipiki inasukumwa, uso ulimwanguka. Aliweka mkono juu ya kiti kilichotafunwa na panya, kama anavyoshika paji la uso la mtoto kupima homa.

"Nimetembea mwezi mzima, Fundi," alisema mwishowe. "Nikifika kule juu barafu imeyeyuka, naimwaga dawa yote mbele ya akina mama. Wananitazama tu. Wametoka mbali, wengine na mimba."

"Leta kitu cha kukalia," Fundi alimwambia. "Na maji ya kunywa. Masaa mawili na nusu tu."

Wakaanza upya, chini ya ukuta wa ghala, hatua mia mbili kutoka kwenye meza ya afisa. Maiti ikatoka, moyo ukarudi. Muuguzi alishika kurunzi mahali penye kivuli na kupokea bolti kwenye kiganja, akizihesabu kimyakimya kama vidonge. Vile vitambaa vya rangi vikamwongoza Fundi: chekundu kwa chekundu, cha buluu kwa cha buluu. Saa kumi na moja na robo akafungua petroli, akabonyeza swichi. Ikakohoa. Akarekebisha kitu kidogo kwa bisibisi, akabonyeza tena.

Ikawaka, ikatulia, ikanguruma sawasawa.

Muuguzi alicheka huku anajifuta macho kwa nyuma ya mkono. Kisha akapanda. Mabaki ya injini ya zamani wakamfungia nyuma kwa ajili ya mtunza stoo. Aliondoka taratibu mpaka mwisho wa ghala, akaiacha lami, akaukamata mlima. Walisimama wakamsikiliza hadi akapotea nyuma ya miti.

"Hakuweza!" shemeji alisema na kutema mate. "Wangekuja wasikie."

Fundi alifuta spana zake moja moja, akazipanga, akafunga boksi.

Walirudi darajani ikikaribia saa kumi na mbili kasorobo. Ofisini feni zilikuwa zimezimwa. Mkuu wa kituo alishaondoka. Karani alikuwa anafunga droo, mkoba begani, na alipomwona Fundi alionekana kufurahi kweli.

"Mmefika salama, mzee?"

"Tumefika."

Kisha macho yake yakashuka kwenye boksi. Furaha ikapungua. "Hivyo vifaa… mlipotoka mliandikisha?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Vinavyoingia bila orodha ya kutoka vinahesabika vipya, mzee. Vinabaki hapa mpaka ushuru." Alijikuna shingo, akatazama saa ukutani, akatazama mlango. Alikuwa anataka kwenda nyumbani, na alikuwa mtoto mwema. "Basi, sikiliza. Nitaandika tu 'boksi moja la vifaa, vilivyotumika'. Tia sahihi, uende."

Fundi Taratibu alivuta kiti cha wageni, akaketi. Akaliweka boksi juu ya meza, juu ya karatasi za karani, akafungua mfuniko. Harufu ya grisi ikajaa ofisini. Shemeji, akiwa mlangoni, akaelewa. Naye akatafuta pa kukaa.

"Hapana, mwanangu," Fundi alisema kwa upole. "Leo nimejifunza. Tuandike kila kitu kwa jina lake."

"Mzee, tunafunga saa kumi na mbili…"

"Chukua kalamu."

Karani alimtazama usoni, na kitu alichokiona pale kikamfanya aweke mkoba chini. Akavuta karatasi. Akakaa.

Fundi alitoa kifaa cha kwanza, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha asome namba yake iliyofutika kwa kutumika.

"Spana namba nane," alisema, akasubiri hadi kalamu ikasimama. Akailaza mezani, akachukua nyingine. "Spana namba kumi. Ziko mbili. Hazifanani."