Mkono wa Chuma Kibanjani

Mnyauko ulipoingia kwenye kibanja cha Mukabera, shamba lake la migomba kule Kamuli, ulianzia upande wa bondeni. Majani ya migomba yaligeuka manjano kabla ya wakati, ndizi zikaiva hazijajaa, na ukikata shina ulitoka ute mzito kama usaha. Afisa ugani alipita, akatazama, akasema migomba yote ing'olewe na matunguu yake, yale mashina ya chini ya udongo, yafukiwe, la sivyo ugonjwa ungepanda mpaka mlangoni.

Mukabera alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akampa papai la njiani. Alipoondoka akawaambia wanawe, "Bondeni ng'oeni. Huku juu hakuna wa kugusa."

Wanawe walikuwa wawili. Costansia, mjane, aliishi hapo hapo na mama yake akilima maharage na kahawa. Mdogo wake, Elipidius, alikuwa fundi wa kuchomelea pale Bugene. Wote walijua sababu. Juu, karibu na nyumba, ndiko alikozikwa baba yao, Polikarpi, na migomba iliyolizunguka kaburi aliipanda yeye mwenyewe.

Vibarua walichimba bondeni wakachoka. Matunguu ya migomba ya zamani ni makubwa na yamejikita. Waliacha mengine ardhini, na machipukizi yaliyotoka yakanyauka vilevile. Hapo ndipo Elipidius alipopata wazo. Alikuwa na trekta ndogo ya zamani aliyoitumia kuvutia tela la samadi na mawe. Kwenye machimbo ya moramu ya barabara aliona mashine ya kuchimbia iliyokufa injini, mkono wake wa kuchimbia bado mzima. Aliununua kama chuma chakavu, akautengenezea fremu nzito ya kuushikilia nyuma ya trekta, kisha akaenda Kayanga kwenye duka la vipuri la mzee Hanifu kutafuta mipira ya kupitishia oili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mipira ya nini?"

Elipidius alimweleza. Hanifu akauliza ukubwa wa trekta, akatikisa kichwa.

"Pampu yake imetengenezwa kuinua jembe na kulishusha, basi. Mkono ule unataka oili nyingi, tena kwa mfululizo. Utaufunga na utacheza, lakini utakuwa kama mgonjwa anayeinuka kitandani. Funga pampu nyingine kwenye shafti ya nyuma inayozungushwa na injini, iwe na tangi lake la oili."

"Hiyo pampu unayo?"

"Sina. Naweza kuagiza Mwanza. Itabidi usubiri."

Hakusubiri. Aliunganisha mkono kwenye haidroliki ya trekta yenyewe, ile pampu ya jembe, akaupeleka Kamuli. Ikawa kama alivyoambiwa. Mkono uliinuka polepole, na ukivuta vishikio viwili kwa pamoja nguvu iligawanyika, mkono ukalegea. Kijiko cha kuchimbia kilizama kwenye udongo chini ya tunguu kikakwama. Elipidius akashuka, akakaza valvu inayozuia presha isizidi. Akapanda tena. Sasa kijiko kilipata nguvu kidogo, ingawa kasi ilikuwa ile ile, na injini ikaanza kunguruma kwa taabu. Akashuka akakaza tena.

Costansia alikuwa amesimama mbali kidogo. Aliona tunguu likitikisika, akaona na mpira wa oili karibu na kiti ukivimba kama shingo ya chura. Kabla hajasema neno ulipasuka. Oili ya moto ilimmwagikia Elipidius mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi kiganjani.

Alikaa zahanati, akamtumia Hanifu ujumbe aiagize ile pampu, kisha akaletwa kwa mama yake akiwa amefungwa bandeji. Mukabera alimlisha uji kwa kijiko kama zamani. Hakumlaumu. Jioni moja tu, akiwa anamfunika, aliuliza:

"Mzee Hanifu alikwambia usubiri. Ulikuwa na haraka gani ya kung'oa migomba?"

Elipidius aligeukia upande wa bondeni. Alitamani asiwe yeye wa kulisema.

"Mama, nenda kwa Nsanzimana ukaone."

Nsanzimana alikuwa jirani yao wa upande wa chini. Asubuhi Mukabera alichukua fimbo yake akashuka. Nsanzimana alimkaribisha, akamwekea kigoda, na walizungumza habari za mvua na za wajukuu. Hakusema lolote la kumshutumu. Lakini Mukabera aliyaona mwenyewe majani ya manjano kwenye mpaka wa vibanja vyao, na hakuhitaji kuambiwa ugonjwa umetoka wapi. Aliporudi alikaa mlangoni muda mrefu. Chakula kilipoiva alisema, "Pampu ikija, ng'oeni yote, hata ya huku juu."

Pampu ilikuja. Elipidius, mkono mmoja ukiwa bado bandejini, alimwelekeza fundi mwenzake namna ya kuifunga kwenye shafti, wakaweka tangi na chujio, na ile valvu ya trekta wakairudisha ilivyokuwa. Lakini hakuweza kushika vishikio.

"Kaa wewe, dada," alimwambia Costansia.

"Mimi najua nini?"

"Kimoja kimoja. Usivute kwa hasira."

Costansia alijifunza kwenye udongo mtupu kwanza. Kisha akaanza bondeni. Mkono ulichimba bila kukwama, ukachokoa matunguu na kuyalaza kwenye shimo refu la kufukia. Alishangaa kuona anaipenda kazi ile, akaona aibu kidogo kuipenda, maana kila alichong'oa kilikuwa kimewalisha.

Walipofika kaburini alizima injini.

Mukabera alikuja na panga. Elipidius alimpitishia makali kwenye moto ili lisibebe ugonjwa, kama afisa ugani alivyofundisha. Bibi yule alikata mashina ya mgomba mkubwa kuliko mingine yote, moja baada ya jingine, bila kutaka kusaidiwa. Kisha akasogea pembeni.

"Endelea. Kaburi tu usiliguse."

Costansia aliwasha. Elipidius alisimama kati ya kijiko na kaburi akionyesha kwa mkono wake mzima: chini, taratibu, vuta. Tunguu liliinuka na mizizi yake na udongo mwekundu. Mukabera akasogea akachungulia shimoni.

"Baba yenu alichimba kina," alisema. "Nilimwambia inatosha, akaendelea kuchimba."

Alicheka kidogo, na Costansia, ambaye alikuwa amejizuia tangu asubuhi, akalia akiwa juu ya kiti cha trekta.

Msimu ule walilima mahindi na maharage, na matoke, ndizi za kupika, yakawa ya kuletewa na ndugu wa Kaisho. Migomba ya Nsanzimana iliyoshikwa na ugonjwa iling'olewa mapema, mingine ikasalimika. Watu wa vitongoji vya jirani wakaanza kuja kuomba ule mkono wa chuma, na ingawa Elipidius alipona, kazi ya vishikio ilibaki kwa dada yake. Kila anapofika kwenye kibanja cha mtu, Costansia huzima injini kwanza, hushuka, humwamkia mwenye nyumba, na kumuuliza angependa waanzie mgomba upi. Wengine hujibu upesi. Wengine huzunguka shambani kwanza, na yeye huwangoja.