Anayeshika na Anayepiga

Asubuhi ya mazishi turubai zilikuwa zimefungwa, ng'ombe wawili wamechinjwa, masufuria yanatokota, kwaya imeshaanza kupasha sauti, na kaburi halijachimbwa.

Wegesa alidhani amekosea mahali. Hakukosea. Nyuma ya kiwanda, ndani ya vigingi vinne alivyovipigilia mwenyewe jana, nyasi zilikuwa zimesimama vilevile na mbuzi wa jirani alikuwa anazila bila haraka.

Baba yake, marehemu Mzee Melkiori Ndayizeye, alifika Itiryo kutoka Burundi akiwa kijana mwenye nyundo moja na suruali moja, na nyundo ndiyo iliyokuwa na hali nzuri. Aliokota springi za malori zilizovunjika pale Sirari, akazifua zikawa plau. Watu walimcheka. Halafu wakaazima. Halafu wakanunua. Leo hii, toka Itiryo mpaka Serengeti, msimu wa kulima ukifika ng'ombe wanavuta plau zenye alama yake, na waliomwita "yule Mrundi" wamezeeka wakisema "mzee wetu". Kiwanda kina mafundi arobaini na mkurugenzi mmoja, ambaye ni Wegesa.

Lakini mzee wao hakuwa na ukoo, na huku kaburi linachimbwa na ukoo wa marehemu.

Mjomba wake Waitara, kaka wa marehemu mama yake, alikuwa amekaa na watu wake upande wa kulia wa uwanja, anakunywa uji.

"Shikamoo mjomba. Mbona kaburi bado?"

"Marahaba, mwanangu. Bado? Si akina Heche walikuwa wachimbe? Wao ndio walioshinda naye kiwandani. Sisi tukishika sululu, watasema tumemchukua mzee ili tuchukue na kiwanda."

Heche, msimamizi wa mafundi, alikuwa upande wa kushoto na watu wa ukoo wake.

"Dada, sisi ni nani kwake?" akasema. "Wale ni shemeji zake. Tukichimba sisi, watasema tumevamia msiba wa watu. Unajua tulikotoka na wale."

Alijua. Zamani koo hizo mbili zilichomeana nyumba kwa sababu ya ng'ombe. Sasa usiku kucha kila upande ulikuwa umekaa kwa adabu ukimsubiri mwenzake, na kwa adabu hiyo hiyo wangemwaibisha marehemu. Mwili ulikuwa unatoka mochwari Tarime, ungefika saa sita. Ukikuta nyasi, basi mpaka wajukuu wa Wegesa wataambiwa kwamba Mrundi alilisha watu maisha yake yote akakosa shimo. Hasira ilimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na uchungu ambao angemwonyesha nani?

Alivua viatu, akachukua sululu, akamfukuza mbuzi, akapiga. Sululu iligonga mwamba ikaruka.

"Wegesa! Mwanamke hachimbi kaburi!" Waitara alipiga kelele.

"Basi nionyeshe mwanamume, mjomba."

Wanawake jikoni waliangua kicheko, msiba au si msiba. Wanaume walitazamana, lakini hakuna aliyenyanyuka.

Wegesa akatazama ule mwamba, na kiwanda kikamjia kichwani. Baba yake alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza hata siku moja: anayeshika chuma cha moto na anayekipiga nyundo wasitoke ukoo mmoja. "Mtu akikuachia vidole vyake chini ya nyundo yako," alikuwa akisema kwa lafudhi yake ya Kirundi, "huwezi kufika jioni bado unamchukia." Kila asubuhi aliita mlangoni, anayeshika kwanza, kisha anayepiga, wakajipanga wawili wawili. Hata Waitara alifua pale ujanani, na aliyemshikia chuma alikuwa baba yake Heche.

Wegesa akaitupa sululu. Akasimama alivyozoea kusimama mzee, mikono kiunoni, akaita kwa sauti yake yote:

"Anayeshika!"

Kwaya ikakatiza wimbo.

"Mimi!" Heche alijibu, na tayari alikuwa amesimama. Alijikuta ameitika kabla hajafikiri.

"Anayepiga!"

Waitara aliweka kikombe chini polepole. Akakunja suruali.

"Mimi, Tata," akasema, yaani baba, kana kwamba anamjibu marehemu.

Heche akasimamisha mtaimbo juu ya mwamba, akaushika kwa mikono miwili. Waitara akainua nyundo kubwa ya kiwandani. Pigo la kwanza lilitoa cheche, la pili likapasua jiwe. Hapo vijana wa pande zote mbili walikuwa wameshajipanga, wanagombania zamu kama watoto. Wegesa aliendelea kuita mpaka sauti ikakauka, na gari la maiti lilipoingia lilikuta shimo limenyooka na wanaume wamejaa vumbi, huwezi kujua nani ni wa nani.

Padri Projestus, mtu wa Bukoba aliyekuja parokiani juzijuzi tu, alimaliza sala akafunga kitabu.

"Sasa ukoo wa marehemu watangulie kuweka udongo," akasema. "Wengine tusubiri kidogo."

Hakuna aliyesubiri. Uwanja mzima ulinyanyuka kwa pamoja: Waitara na watu wake, Heche na watu wake, wanawake wa jikoni na unga mikononi, wakulima waliotoka Serengeti na alfajiri. Padri akasogea pembeni kuwapisha.

Wegesa, mtoto pekee wa kumzaa, alijikuta katikati ya foleni ndefu, mbele yake migongo mitupu. Alikuwa analia na kucheka. Hakumsukuma mtu. Alishika udongo wake, akangoja zamu.