Mama Aliyekwama Bwenini

Noeleen Rasmussen alimpeleka binti yake chuo kikuu, Brisbane, akiwa na nia ya kulala usiku mmoja tu, kisha ageuze pikapu arudi shambani Malanda, kaskazini, kwa ng'ombe wake. Lakini mvua za kaskazini zikazidi, mito ikapanda juu ya barabara kuu, na redio ikawa inataja mji baada ya mji ambako polisi walikuwa wameweka vizuizi.

"Dari ya chumba cha wageni inavuja," Dokta Petrakis, mkuu wa bweni, alimwambia. "Lakini godoro lipo. Ukivumilia sakafu ya binti yako, karibu."

"Nimelala zizini na ng'ombe anayezaa," alisema Noeleen. "Sakafu ya Imogen ni hoteli."

Imogen alikuwa amesimama pale pale, na alitamani ardhi ipasuke immeze.

Bweni la Carrow lilikuwa la wanawake peke yao, la matofali mekundu, ndani ya viwanja vya chuo kikuu karibu na mto. Masomo yalikuwa kule kwenye kumbi. Carrow palikuwa pa kulala, kula na kujulikana. Na Imogen alikuwa na mpango wake kuhusu huko kujulikana. Miezi yote ya mwisho ya shule aliufikiria huku akikamua. Angekuwa msichana wa maneno machache, mwenye nguo nyeusi, ambaye watu wangejiuliza anawaza nini. Nguo nyeusi alikuwa ameshanunua. Maneno machache yalikuwa hayana gharama.

Mpango ulidumu mpaka kifungua kinywa cha Jumapili. Aliingia bwaloni taratibu, amebeba sinia lake, akitafuta meza yenye watu wanaofanana na watu anaotaka kuwajua. Kutoka meza ya dirishani ikasikika sauti iliyozoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Kiluwiluwi, nimekushikia kiti."

Bwalo zima likageuka. Noeleen alikuwa amevaa gambuti na kofia pana ya shambani, na kando yake wamekaa wasichana watano wakimsikiliza kama wanaosikiliza mchezo wa redio.

"Kwa nini Kiluwiluwi?" akauliza mmoja wao, Clementine, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekuwa kiongozi wa wageni wapya.

"Mama, tafadhali," alisema Imogen.

"Alikuwa hatoki kwenye birika la ng'ombe," alisema Noeleen. "Ana miaka mitatu, uchi kama alivyozaliwa, amekaa majini kichwa tu kinaonekana. Ng'ombe wanakunywa pembeni yake. Haya kuleni, chai inapoa."

Jumatatu yake wote walishajua kwamba Imogen alilia kwenye maonyesho ya kilimo ndama wake aliposhika nafasi ya pili. Jumanne walijua alimwandikia mtangazaji wa hali ya hewa kadi ya mapenzi. Noeleen hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amezoea kuishi na mume anayesema maneno kumi kwa siku, na ghafla amepewa wasichana mia moja wenye masikio. Aliwafundisha kucheza karata. Aliwapigia pasi majoho, akawaambia wale waliovunjwa moyo na wavulana kwamba mtu asiyejua kupiga simu hajui na mengine. Alikoroma usiku mpaka dirisha la Imogen likatetemeka. Wasichana walimwita Noeleen tu, kwa jina, kama rafiki yao, na Imogen wakamwita binti wa Noeleen.

Jumatano palikuwa na chakula rasmi cha jioni, ambacho wanafunzi wote huvaa majoho, cha kwanza cha mwaka. Mchana wake Imogen alimkuta mama yake chumbani, amekaa juu ya godoro, anakunja soksi.

"Mama, kile chakula cha leo. Ni cha wanafunzi."

"Clementine kaniambia niende. Kanitafutia hata joho."

"Clementine anakustahi tu. Hakuna anayetaka mama kila mahali. Mimi sitaki."

Noeleen aliendelea kukunja. Akamaliza jozi moja, akaipiga piga ikalainika.

"Sawa," alisema. "Miguu yenyewe inaniuma."

Miguu ya Noeleen haijawahi kumuuma, na wote wawili walilijua hilo.

Jioni ile Imogen alikaa bwaloni na joho lake jeusi juu ya gauni jeusi. Dokta Petrakis alihutubia kwa ufupi, nyama ya kondoo ikaletwa, mishumaa ikawashwa. Ndivyo alivyokuwa amejiwazia kila kitu. Lakini kila aliyepita alimuuliza swali moja: Noeleen yuko wapi? Alijibu mara ya kwanza kwamba amechoka, mara ya pili kwamba amechoka sana, na mara ya tatu kwamba miguu inamuuma. Kilipoletwa kitindamlo, keki nyeupe ya pavlova yenye matunda ya pasheni juu, akafunika kipande chake kwa sahani nyingine, akatoka nacho.

Chumbani hapakuwa na mtu. Alimkuta mama yake chumba cha kufulia, amekaa juu ya kapu lililopinduliwa, anacheza karata na Dinusha, msichana kutoka Darwin aliyekaa chumba cha jirani. Macho ya Dinusha yalikuwa mekundu na pua imevimba. Mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka na haina kitu ndani.

"Inafunika sauti," Noeleen alieleza, alipoona Imogen anaitazama. "Mtu akitaka kulia."

"Samahani kama nilikusumbua usiku," Dinusha alimwambia Imogen. "Kuta ni nyembamba."

Imogen alikuwa amesikia. Usiku wa kwanza alidhani ni mabomba, usiku wa pili alijua si mabomba, akavuta mto juu ya kichwa. Hakugonga mlango. Mtu wa maneno machache hagongi milango.

"Ni mimi wa kuomba samahani," alisema. Akawapa sahani. Kijiko kilikuwa kimoja, wakapokezana, na Noeleen akamgawia karata bila kumuuliza kama anacheza. Alishindwa vibaya. Dinusha alikuwa akiiba karata, na Noeleen alikuwa akimwona na kunyamaza.

Asubuhi Imogen alimpigia simu baba yake, Merv. Alitaka kujua barabara zikoje, ingawa hakuwa na hakika tena anataka jibu gani.

"Ile ya kupitia bara iko wazi," alisema Merv. "Ya Charters Towers."

"Tangu lini?"

"Jumanne. Nilimwambia mama yako."

Imogen alikata simu, akasimama kidogo, kisha akateremka uani. Mama yake alikuwa anaanika shuka za watu asiowajua, kwa kuwa jua lilikuwa limetoka.

"Baba anasema barabara ya Charters Towers ilifunguka Jumanne."

"Ana mdomo huyu mzee siku hizi," alisema Noeleen.

Alibana kibanio, akatoa kingine mfukoni, akakishika tu.

"Nilipakia mkoba Jumanne hiyo hiyo. Nikakaa kwenye usukani na ufunguo mkononi. Halafu nikapafikiria pale jikoni. Kaka zako wameondoka, na wewe umeondoka. Mimi na baba yako tunatazamana juu ya viazi." Akacheka kidogo. "Nikaona acha nikae mpaka kesho. Na kesho nayo ikawa hivyo hivyo. Nitaondoka leo, mwanangu. Umesema kweli jana."

Imogen alichukua ncha ya pili ya shuka. Wakaivuta ikanyooka.

"Jumamosi tunashindana kuvuta kamba na wavulana wa bweni la Stannard," alisema. "Tumepungukiwa mtu wa nyuma."

"Sheria zinaruhusu?"

"Hakuna aliyezisoma."

Wavulana wa bweni la Stannard walicheka walipomwona mama mwenye gambuti anajifunga kamba kiunoni. Raundi ya kwanza hawakucheka, maana walivutwa kifudifudi mpaka kwenye dimbwi. Ya pili walishinda wao. Ya tatu Noeleen aliteleza, na kwa kuwa kamba ilikuwa imemfunga, alikwenda kwenye matope kwa makalio, akiwasomba mbele yake Imogen, Dinusha, Clementine na timu nzima. Carrow walishindwa, bila ubishi. Imogen alikaa katikati ya tope, nguo zake nyeusi zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, akacheka mpaka akashindwa kusimama. Dinusha alimnyooshea mkono, akateleza, akamwangukia.

Jumapili Noeleen aliondoka kweli. Aliwaaga wote, na hilo lilichukua asubuhi nzima. Dokta Petrakis alimpa mche wa waridi kwenye kopo, Noeleen akamwachia keki ya matunda. Kwenye pikapu alimshika Imogen uso kwa mikono miwili, hakusema kitu, na kwa mwanamke yule hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko hotuba. Kisha akarudisha gari nyuma kwa kasi, akakanyaga kona ya bustani, akapunga mkono dirishani.

Imogen alisubiri mpaka gari likapotea kwenye mzunguko, akatoa simu.

"Baba, ametoka sasa hivi. Kesho kutwa atakuwa nyumbani. Umpikie kitu."

"Nitampikia."

"Na uzungumze naye."

Ng'ombe mmoja akasikika mbali.

"Nizungumze nini?"

"Chochote."

Merv alifikiri. "Kuna yule mtamba mwekundu," alisema. "Kaanza kuchechemea."

"Basi anza na huyo," alisema Imogen, akakata simu, akaenda kumgongea Dinusha wakale.